Kujifunza programu Mwanza: kundi la WhatsApp au meza moja?

Anayeanza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, atafute wenzake kwenye kundi la WhatsApp, au wakutane ana kwa ana? Ubishi huu hauishi.

Kwa gharama, kundi linashinda. Bando dogo linatosha, wakati anayetoka Kisesa kwenda Nyegezi ana nauli ya kwenda na kurudi.

Kwa msaada wenyewe, meza inashinda kwa mbali. Kwenye Python, nafasi moja iliyozidi mwanzoni mwa mstari inatosha programu igome. Kwenye picha ya skrini iliyopigwa kwa simu huioni. Aliyekaa ubavuni anaigusa kwa kidole. Kundini utaambiwa "tafuta Google", kisha zinafuata salamu za Ijumaa na matangazo ya viwanja.

Uhai? Makundi hayafi, yanalala tu. Mikutano huvunjwa na mvua au umeme kukatika.

Uko Ukerewe, ng'ambo ya kivuko, au kazini kutwa? Anza na kundi, ila mchomoe mtu mmoja mfanye mradi pamoja GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuandika kodi kwa pamoja. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe, mwenye wenzake hosteli moja, sioni kwa nini ahangaike na watu mia mbili asiowajua: wawili watatu na laptop moja wanatosha kuanza.