Nyota tano za nani? Mifumo ya maoni ya Steam na Amazon Vine

Duka la mtandaoni likishafungua sehemu ya maoni ya wateja, muuzaji naye ataingia. Ukimfungia mlango atapita dirishani akiwa amevaa kanzu ya mteja, kwa hiyo marufuku peke yake haitoshi. Mfumo mzuri humweleza msomaji mambo matatu: aliyeandika alilipa au alipewa, ameitumia bidhaa kwa muda gani, na je, maoni ya aliyepewa bure yanaingia kwenye hesabu ya jumla? Kwa kipimo hicho tuangalie mifumo miwili inayotumiwa na watu wengi mno: maoni ya Steam, duka la michezo ya kompyuta la kampuni ya Valve, na Amazon Vine, mpango wa Amazon wa kugawa bidhaa bure ili ziandikiwe maoni.

Tuanze na Steam. Fungua ukurasa wa mchezo wowote, shuka hadi kwenye maoni, uangalie moja kwa makini. Juu kuna kidole gumba, cha buluu kikielekea juu au chekundu kikielekea chini. Chini yake kuna saa ambazo mwandishi amecheza kwa jumla, na kwenye mabano saa alizokuwa nazo siku alipoandika. Namba hizo mbili zina thamani kuliko aya tatu za sifa. Mtu aliyeponda mchezo akiwa na saa 2 na leo ana saa 300, maoni yake yamepitwa na wakati hata kama hakuyafuta. Aliyesifu akiwa na nusu saa, na saa hazijaongezeka tangu hapo, naye msome kwa tahadhari. Kama mwandishi alipewa mchezo bure, anatakiwa kuweka alama kwenye kisanduku, na maneno ya kusema hivyo hutokea kwenye maoni yake. Aliyerudishiwa fedha pia hutambulishwa.

Lakini kazi kubwa imefanyika kwenye hesabu. Tangu Septemba 2016, maoni ya mtu aliyefungua mchezo wa kulipia kwa msimbo kutoka nje ya duka hayaingii kwenye alama ya jumla, yaani asilimia ya vidole vya juu. Yanabaki pale, yanasomeka, ila hayahesabiwi. Kabla ya hapo mtengenezaji angeweza kugawa misimbo mia mbili kwa marafiki na kupandisha alama kwa siku moja. Sasa akiigawa atapata maneno tu, na asilimia haisogei. Uamuzi huu una gharama yake, na inawaangukia watu wema: aliyenunua msimbo kihalali kwenye duka jingine, au aliyechangia fedha mchezo ukiwa bado unatengenezwa, naye hahesabiwi. Hata hivyo ni gharama inayovumilika, kwa sababu sauti yake haijazimwa.

Muuzaji kwenye Steam hawezi kufuta maoni. Anaweza kuyaripoti yakivunja kanuni, na anaweza kujibu; jibu lake huonekana chini ya maoni likiwa na alama ya kuonyesha ni la mtengenezaji. Hapo ndipo pa kujipigia debe kwa heshima: jibu moja linalosema hitilafu imerekebishwa katika toleo fulani lina faida kuliko maoni kumi ya kupanga.

Udhaifu upo. Kidole gumba hakina katikati, kwa hiyo mchezo wa wastani na mchezo bora hupata kura ileile. Saa nazo hudanganya mchezo ukiachwa wazi usiku kucha. Kuna pia mafuriko ya hasira. Aprili 2019 wachezaji walimimina vidole vya chini kwenye michezo ya zamani ya Borderlands kwa kuchukizwa na uamuzi wa kuuza toleo jipya kwenye duka la Epic. Valve ilikitambua kipindi hicho kuwa nje ya mada na kukiondoa kwenye alama, huku maoni yenyewe yakibaki. Hiyo ni sawa, kwani hasira hazikuihusu bidhaa iliyokuwa mbele ya mnunuzi. Mei 2024 hali ilikuwa tofauti: Sony, kampuni inayouza mchezo wa Helldivers 2, ilitaka wachezaji wake wa Steam waunganishe akaunti za PlayStation, maoni hasi yakafurika, na baada ya siku chache ikarudi nyuma. Pale lalamiko liligusa kitu ambacho watu walikuwa wamekinunua. Anayesimamia maoni asipotofautisha mafuriko haya mawili atakuwa amemfanyia muuzaji kazi yake.

Sasa Vine. Ulianza mwaka 2007. Waandishi hualikwa na Amazon, muuzaji hawachagui, na hana ruhusa ya kuwasiliana nao kuhusu maoni. Bidhaa inayoingizwa iwe na maoni pungufu ya 30, na muuzaji hutoa hadi vipande 30. Amazon ilipopiga marufuku maoni ya kubadilishana na bidhaa Oktoba 2016, Vine uliendelea kuruhusiwa. Kila maoni hubeba lebo inayosema wazi kwamba bidhaa ilitolewa bure. Kwa uwazi wa lebo, Vine unastahili sifa kamili.

Tatizo ni kwamba nyota za Vine huingia kwenye alama ileile na za walionunua. Tuseme chaja imepata maoni 30 ya Vine yenye wastani wa 4.6, na wanunuzi 10 wameipa wastani wa 3.1. Kwa hesabu ya kawaida jumla ni 4.2, na mtu anayepita haraka anaona chaja nzuri. Amazon haitumii wastani wa kawaida. Hupima pia upya wa maoni na kama ununuzi umethibitishwa. Lakini msomaji haonyeshwi namba hizo mbili zikiwa zimetenganishwa, na ndizo anazozihitaji. Halafu anayepewa bidhaa hapimi kitu kimoja muhimu kuliko vyote: kama ina thamani ya fedha inayoulizwa. Hata akiwa mkweli kabisa, hajaumia mfukoni. Mara nyingi pia huandika siku chache baada ya kuipokea, wakati betri, bawaba na mishono huonyesha tabia yake baada ya miezi.

Na msidanganywe na lebo ya ununuzi uliothibitishwa. Inasema bidhaa ililipiwa Amazon, basi. Haisemi kama muuzaji alimrudishia mnunuzi fedha pembeni baada ya kuona nyota tano. Ujanja mwingine ni kuunganisha bidhaa tofauti kana kwamba ni rangi au ukubwa wa bidhaa moja, ili mpya irithi nyota za ya zamani. Mwaka 2023 kampuni ya virutubisho ya Bountiful ilitakiwa na tume ya biashara ya Marekani, FTC, kulipa dola 600,000 kwa jambo hilo. Kuligundua si kazi: panga maoni kwa tarehe, shuka hadi picha za zamani. Ukikuta birika kwenye ukurasa wa waya wa simu, funga ukurasa. Kisha chuja maoni yabaki ya aina unayotaka kununua tu, uanze na ya nyota tatu, maana huko ndiko watu hueleza kinachofanya kazi na kisichofanya.

Kwenye Steam, fungua kwanza grafu ya maoni kwa muda, uone kama kuna siku iliyoruka ghafla. Kisha weka kichujio cha saa za kucheza, kuanzia saa 10 kwa mchezo mrefu, na usome ya siku 30 za karibuni. Mchezo uliosifiwa miaka mitatu iliyopita unaweza kuwa umeharibiwa na toleo la wiki jana.

Muuzaji anayegawa sampuli nje ya Amazon, atake maneno ya kusema bidhaa ilitolewa bure yawe sentensi ya kwanza, kabla ya kiungo chochote, si chini ambako msomaji hufika kwa kubofya. Asiombe kuyasoma maoni kabla hayajatoka. Asiweke sharti la nyota: kanuni ya FTC iliyoanza kutumika Oktoba 21, 2024 inakataza kulipia maoni kwa sharti yawe mazuri au mabaya, na inakataza viongozi wa kampuni kuisifia bidhaa bila kusema wao ni nani.

Kwa kipimo tulichoanza nacho, Steam inatimiza yote matatu. Vine unatimiza la kwanza kwa ukamilifu na kukwama kwenye mawili yaliyobaki, na dawa yake si ngumu: alama mbili kandokando, moja ya waliopewa na nyingine ya walionunua, na kwenye kila maoni idadi ya siku tangu bidhaa ifike.