Basi la asubuhi Lubumbashi–Kolwezi: uzoefu wangu

Ukiniuliza leo usafiri na nini kutoka Lubumbashi kwenda Kolwezi, mji wa migodi huku kusini mwa Kongo (DRC), nitakwambia panda basi kubwa la asubuhi. Viti ni vizuri, lakini hasa ninachokipenda ni kwamba linaondoka kwa saa yake. Tiketi ina namba ya kiti na imeandikwa saa 12 asubuhi, na saa 12 ikifika dereva anaondoa gari hata kama viti vya nyuma viko wazi. Magari madogo hayatoki mpaka abiria wa mwisho apatikane, na bado watakubana wanne kwenye kiti cha watatu. Mimi nina wateja Kolwezi. Nikiwaambia nitafika kabla ya adhuhuri, nafika.

Njia ni kama kilomita 300, lami, mnapita Likasi na Fungurume. Kinachochelewesha ni malori. Shaba na kobalti kwa wingi zinashukia huku kwenda mpakani Kasumbalesa na Zambia, kwa hiyo mnapishana na trela zenye mabamba ya shaba yaliyopangwa na kufungwa mikanda, na mbele yenu tanki la asidi linapanda kilima taratibu. Hapo ndipo utamjua dereva. Wetu alikaa nyuma ya tanki mpaka akaona barabara yote iko wazi, ingawa abiria walimpigia kelele apite. Kwa utulivu ule peke yake niko tayari kuongeza nauli.

Kwenye peaji, pale magari yanapolipia barabara, akina mama wanakimbilia madirishani na mabeseni ya mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi, na wakati wa mvua, uyoga. Shika faranga ndogondogo mkononi, basi halisubiri chenji. Tena omba kiti cha kushoto, asubuhi jua linapiga kulia.

Mizigo ndiyo iliyoniudhi. Kijana wa mizigo alinitoza pesa ya boksi bila risiti, bei akaipanga kwa kunitazama usoni. Kampuni inayoweza kupanga viti vizuri hivyo haishindwi kubandika bei ya mizigo ukutani. Na muziki wapunguze, jamani, kuna watoto wachanga mle ndani.

Kwa wanaotaka kuunganisha mpaka Kinshasa: basi la namna hii halipo, kwa sababu lami haijaungana mpaka kule. Reli yetu nayo, tangu 1928, inaishia Ilebo kwenye mto Kasai. Toka pale ni meli. Nchi ina zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3, na mwenye haraka hana njia isipokuwa ndege. Ukikata tiketi ya ndege, angalia saa: Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja.

Mnaoenda Likasi tu, gari dogo linatosha. Kwa Kolwezi, nunua tiketi siku moja kabla, hasa ya Jumatatu, maana watu wa migodi wanarudi kazini na viti vinaisha mapema.