Mpira wa mkojo kama kifungo cha kizazi: unafaa kiasi gani wakati wa kutoa fibroidi?

Katheta ya Foley, ule mpira wa mkojo usiokosekana wodini, ni kifaa rahisi na cha bei nafuu cha kupunguza damu pale tumbo linapofunguliwa kutoa fibroidi (uvimbe wa misuli ya kizazi usio saratani) huku kizazi kikibakizwa. Zamani kazi hiyo ilifanywa na koleo la chuma la Victor Bonney wa London. Mpira tunaupenda zaidi kwa sababu hufuata umbo la kizazi chochote. Tunaupa alama za juu, ila una masharti.

Mpira wa namba 16 au 18 unatosha. Kizazi kikishainuliwa nje ya tumbo, sukuma kibofu chini, kisha tafuta sehemu isiyo na mishipa kwenye utando mpana (unaoshika kizazi pembeni), usawa wa pale mwili wa kizazi unapokutana na shingo yake. Toboa tundu dogo kila upande, zungusha mpira, vuta kwa nguvu na ubane ncha zake kwa koleo. Tundu lisishuke: ureta, mrija unaoleta mkojo kutoka kwenye figo, inapita chini ya ateri ya kizazi, karibu sana na hapo.

Kosa kubwa ni mpira uliolegea. Veni huzibwa lakini ateri zinaendelea kuleta damu, kwa hiyo kizazi kinavimba, kinageuka zambarau, na kikikatwa kinavuja kuliko ambacho hakikufungwa kabisa. Ukiona rangi hiyo, kaza upya kabla ya kushika kisu.

Hata ukikazwa vizuri, mpira hauzuii damu ya mishipa ya ovari inayoingia kwa juu. Ndiyo maana tunashauri uongezewe dawa: misoprostoli, ya kukaza kizazi, mikrogramu 400 ukeni saa moja kabla (mgonjwa anaweza kutetemeka na kupata homa), na asidi ya traneksamiki, ya kulinda damu iliyoganda, gramu 1 kwenye mshipa, polepole kwa dakika 10, kabla ya kukata. Vasopresini, inayobana mishipa ya damu, nayo ni nzuri sana, yuniti 20 kwenye mililita 100 za maji ya chumvi, ichomwe juu ya fibroidi. Lakini vuta bomba la sindano kwanza uone kama damu inarudi, na daktari wa usingizi aambiwe kabla, maana ikiingia kwenye mshipa inaweza kusimamisha moyo. Oksitosini, dawa nyingine ya kukaza kizazi, isitegemewe peke yake. Kizazi kisicho na mimba kina vipokezi vichache vya dawa hiyo, yaani sehemu inaposhika.

Fibroidi ikiwa kwenye shingo ya kizazi au imejichimbia ndani ya utando mpana, mpira hauna pa kukaa. Wala haufidii damu iliyopungua tangu nyumbani. Hemoglobini ipandishwe kabla ya siku ya upasuaji.

Shona shimo la fibroidi tabaka kwa tabaka bila kuacha uwazi ndani, mjulishe daktari wa usingizi, kisha legeza mpira na utazame mshono dakika kadhaa tumbo likiwa wazi. Kinachovuja kiongezewe uzi hapohapo. Mpira uhesabiwe pamoja na pamba na koleo kabla ya kufunga tumbo.