Ritani za miaka minne, nami niko Doha: uzoefu wangu na wakala wa kodi

Nianze na pesa, kwa sababu najua wengi mtaruka mpaka hapo. Wakala alinitoza shilingi 12,000 kushughulikia ritani zangu, yaani zile taarifa za mapato na kodi za kila mwaka. Saiba (duka la intaneti) ya Ukunda ilikuwa imenitoza 1,000 kwa kazi hiyo hiyo, na ile 1,000 ndiyo iliyonitia hasara. Jina la ofisi ya wakala sitalitaja, wala la saiba. Wakala nimempa nyota nne, na ile ya tano nitaeleza kwa nini nimeizuia.

Mimi ni mpishi. Nilikuwa hoteli moja Diani mpaka Agosti 2019, nikapata mkataba wa jikoni huku Doha, Qatar. Ulikuwa mkataba wa miaka miwili, ukaongezwa, ukaongezwa tena. Akilini mwangu sijahama, nimetoka kidogo tu kutafuta. Na mtu aliyetoka kidogo hakumbuki ritani. Hakuna mwajiri wa huku anayekupa fomu ya P9, ile inayoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa mwaka mzima, hakuna makato ya kodi kwenye mshahara, hakuna mwenzako kazini anayelalamika kila Juni kwamba foleni ni ndefu. Tarehe 30 Juni ilinipita mara nne na sikusikia hata mlio wake.

Nikashtuka mwisho wa 2023. Dada yangu alinitumia tangazo la nafasi ya mwalimu wa upishi katika chuo cha ufundi huko kwetu Kwale. Masharti mnayajua: cheti cha HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), cha maadili kutoka EACC (tume ya kupambana na ufisadi), cha polisi, cha CRB (rekodi ya mikopo), na kile cha uzingatiaji wa kodi ambacho sote tunakiita kompliansi. Nikamwambia dada, "Hiyo ya kodi si tatizo, sina deni la mtu." Akanijibu, "Kaka, ritani umejaza lini mara ya mwisho?" Nikanyamaza.

Binamu yangu akachukua PIN yangu, ile namba ya mlipakodi, akaipeleka saiba. Kijana wa pale alimaliza miaka minne, 2019 hadi 2022, yote sufuri (yaani sikupata kipato), kabla chai haijapoa. Binamu akanipigia kwa furaha. Jioni ile ile ukurasa wangu wa iTax, mtandao wa Mamlaka ya Ushuru, ulikuwa na faini nne. Kwa mtu binafsi, ritani iliyochelewa ni 2,000 au asilimia 5 ya kodi unayodaiwa, itakayokuwa kubwa. Kwa kuwa zote zilikuwa sufuri, ikawa 2,000 mara nne. Deni la 8,000, na kompliansi hupati.

Hapo ndipo mwenzangu mmoja wa jikoni, Mkenya pia, aliponipa namba ya huyu wakala. Ni mama mmoja mwenye ofisi ndogo Mombasa, ana wasaidizi wawili, na sehemu kubwa ya wateja wake ni watu wa Ghuba. Hilo nililipenda. Saa za Doha na za Mombasa ni zile zile, lakini mapumziko yetu huku ni Ijumaa na Jumamosi, na yeye hakuhitaji kuelezwa. Alijua kwamba nikimjibu, nitamjibu Ijumaa baada ya swala au usiku baada ya zamu.

Nilidhani ataanza kwa kuniuliza neno la siri la iTax. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Uliondoka Kenya tarehe ngapi?"

Nikamjibu Agosti. Akasema Agosti si tarehe. Nikatafuta pasipoti nikamtumia picha ya muhuri: 14 Agosti 2019. Akataka mihuri yote, kuingia na kutoka, kila likizo. Nikalala chini usiku ule na pasipoti na simu, napiga picha kurasa moja moja, nikijiuliza kodi inahusu nini na mihuri ya Uhamiaji.

Inahusu sana. Nitawaeleza kama alivyonieleza, maana kwangu ndiyo huduma yenyewe niliyolipia. Kubonyeza vitufe ni kazi ya mtu yeyote.

Sheria ya kodi ya mapato ya Kenya haiulizi kama umeenda kwa muda au umehama kabisa. Inahesabu siku. Ukiwa na makazi ya kudumu Kenya, basi kuwapo nchini mwaka huo, hata kwa siku chache, kunakufanya mkazi wa kikodi. Kama huna makazi ya kudumu, wanaangalia kama umekaa siku 183 au zaidi mwaka huo. Hukufika 183? Bado wanaweza kuchukua mwaka huo na miwili iliyotangulia, kama ulikuwapo nchini katika kila mmoja, na kutafuta wastani. Ukizidi siku 122 kwa mwaka, wewe ni mkazi. Na mkazi hutozwa kodi ya mshahara wake hata kama kaupatia nje ya nchi.

Akaniuliza kama nina nyumba. Nikacheka. Chumba nilichokuwa nimepanga Ukunda nilikirudisha wiki niliyosafiri, godoro nikamwachia jirani. Nikija likizo nalala kwa mama. Akasema, "Basi shukuru hujajenga, tuhesabu siku."

Akaziandika kwenye karatasi ya daftari akanitumia picha, na karatasi ile ninayo mpaka leo. Mwaka 2019: siku 226. Mwaka 2020: hakuna, korona ilitufungia huku. Mwaka 2021: siku 38. Mwaka 2022: hakuna, mwaka mzima tuliambiwa likizo baada ya Kombe la Dunia. Kwa 2021 kipimo cha wastani hakikunihusu, maana 2020 sikukanyaga Kenya; hata hivyo akajumlisha 226, sufuri na 38, akagawanya kwa tatu, akapata 88. Chini ya 122. Kwa hiyo 2020, 2021 na 2022 sikuwa mkazi, sikuwa na kipato chochote Kenya, na zile sufuri tatu za kijana wa saiba zilikuwa sawa, ingawa kwa bahati tu.

Kizungumkuti kilikuwa 2019. Siku 226 ni zaidi ya 183, kwa hiyo mwaka ule mzima nilikuwa mkazi. Kijana wa saiba alikuwa ameandika sufuri kwenye mwaka ambao hoteli ilinilipa miezi saba na nusu na kunikata kodi kila mwezi, na makato hayo yalishawasilishwa kwa PIN yangu. Yaani nilikuwa nimeiambia Mamlaka ya Ushuru kwamba sikupata hata senti, na wao wana rekodi kwamba nilipata. Hilo peke yake lingetosha kunikosesha usingizi.

Kisha akaongeza: na mshahara wako wa Doha, Septemba hadi Desemba 2019, nao unaingia humo humo.

Nilikasirika, sitaki kuwadanganya. Nilimwandikia ujumbe mrefu ambao leo naona haya kuusoma. Pesa nimezitolea jasho kwenye jiko la watu, joto la nje nyuzi arubaini na kitu, halafu kodi Kenya? Akanijibu kwa upole kwamba ningekuwa Uingereza, kodi niliyokatwa kule ningeweza kuiondoa kwenye ile ninayodaiwa nyumbani kwa mshahara huo. Lakini Qatar haikati kodi ya mshahara, kwa hiyo sina cha kuondoa. Akamalizia, "Mwanangu, nikikuficha leo utanilaumu kesho."

Riyali 2,500 kwa mwezi, kwa bei ya wakati ule, ilikuwa kama shilingi 70,000. Miezi minne ni 280,000. Ukiongeza na ya hoteli, viwango vinapanda, na baada ya kutoa nafuu ya mtu binafsi na ile kodi hoteli iliyonikata, nilibaki nadaiwa 47,000 na ushee. Riba ni asilimia 1 kwa kila mwezi tangu mwisho wa Aprili 2020, juu yake asilimia 5 ya kuchelewa kulipa. Karibu 24,000 nyingine.

Na hapa ndipo alipostahili zile 12,000 zake. Sheria ya Fedha ya 2023 ilikuwa imeleta msamaha: faini na riba za vipindi vya hadi 31 Desemba 2022 zinafutwa, mradi ulipe kodi yenyewe kufikia 30 Juni 2024. Dirisha lilifunguliwa 1 Septemba 2023. Tulikuwa Februari 2024. Zile faini za miaka isiyo na kodi hazikuhitaji hata maombi, zilikuwa zinafutika zenyewe. Binamu yangu alikuwa amekwisha kuanza kuchangisha 8,000 za kulipia faini ambazo hazikupaswa kulipwa!

Kabla hatujafika huko kulikuwa na kikwazo kingine, nacho kitawagusa wengi mliofunguliwa PIN zamani. Barua pepe iliyosajiliwa kwenye PIN yangu haikuwa yangu. Ilikuwa ya saiba fulani, tangu nilipoajiriwa mara ya kwanza. Taarifa zote za kodi zilikuwa zinaenda kwa mtu ambaye hata sura yake siikumbuki, na saiba yenyewe siku hizi ni duka la vipuri vya bodaboda. Ilibidi niandike ombi la kubadilisha, na nakala ya kitambulisho, pande zote mbili. Hilo likala wiki nzima. Ukisoma haya na huna hakika barua pepe yako ni ipi, liangalie hilo kwanza.

Baada ya barua pepe kuwa yangu, alinielekeza nimteue kuwa wakala wangu ndani ya iTax, yeye akakubali upande wake. Neno la siri hakuwahi kuliomba. Hoteli ya Diani nayo haikuwa na shida, mtu wa uajiri aliipata P9 yangu ya 2019 akaituma siku ya pili. Ritani ya marekebisho ikaingia. Ikatoka hati ya malipo yenye namba yake, mimi nikamtumia dada pesa, dada akalipa kwa M-Pesa kupitia 222222, namba ya malipo ya serikali, akaandika namba ile ile ya hati. Risiti ikaja kwangu na kwa wakala.

Sasa lawama. Bei ya kwanza aliyonitajia ilikuwa 8,000. Zile 4,000 za ritani ya marekebisho zilitajwa baada ya mimi kutuma kila kitu, wakati ambapo kurudi nyuma ni kugumu. Angesema mwanzoni ningelipa bila neno. Pili, katikati ya Machi alipotea siku kumi na moja. Simu inaita, ujumbe una alama za bluu, jibu hakuna. Baadaye niliambiwa na msaidizi kwamba alikuwa na msiba. Nikampa pole, na pole yangu ni ya dhati, lakini msaidizi si angeandika mstari mmoja? Mtu aliye ugenini akinyamaziwa, anaanza kuwaza mabaya. Tatu, msaidizi huyo huyo aliwahi kuniambia nitume zile 47,000 kwa namba yake "tukulipie haraka". Sikutuma. Nilimwambia bosi wake, akaomba radhi, akasema si utaratibu wao. Huenda kijana hakuwa na nia mbaya. Lakini kodi inalipwa kwa namba ya hati ya malipo, hailipwi kwa namba ya simu ya mtu.

Na jambo dogo ambalo si kosa: mama huyu haandiki. Anatuma sauti, za dakika tano, dakika sita, na ndani yake anasalimia wapishi wote wa Doha, anaeleza kifungu cha sheria, anakemea mtu aliyeingia ofisini bila kubisha hodi, kisha anarudi kwenye kifungu. Nilikuwa nazisikiliza nikikata vitunguu.

Yule mwenzangu aliyenipa namba naye akajipeleka. Yeye amejenga Mtwapa, nyumba ya vyumba vitatu, na kila mwaka anaenda likizo. Nadhani mmeshaelewa. Alitoka kwenye ile simu kimya, akaenda kukaa nje kwenye ngazi. Wanaendelea na hesabu zake, na sitazieleza hapa kwa sababu si zangu. Ila usiniulize tena kwa nini mama wakala aliuliza swali la nyumba.

Kompliansi yangu ilitoka Aprili, ni ya miezi kumi na miwili. Nafasi ya chuo ilikuwa imekwisha kufungwa. Ipo nyingine imetangazwa, nimeomba.

Ritani ya 2023 nimejaza mwenyewe, Ijumaa moja mwezi Mei, nikiwa kitandani na karatasi yangu ya siku: 38, sufuri, 45, gawanya kwa tatu, haifiki hata 28. Nikapiga picha ya risiti nikamtumia mama wakala, nikidhani atasema hongera. Alijibu kwa sauti ya dakika saba. Nimefika dakika ya tatu.