Nakala ya Greeny mikononi mwangu: gitaa lililopita kwa Peter Green, Gary Moore na Kirk Hammett

Thamani ya gitaa hili yote iko kwenye swichi ya kuchagua pikapu (vinasa mtetemo wa nyuzi) ikikaa katikati. Nalisema mapema ili asiyeitaka sauti hiyo asitoe fedha yake bure. Mimi napiga solo kwenye bendi ya dansi Dar es Salaam, na gitaa ninalotumia sasa ni Les Paul, aina ya gitaa la umeme, ya chapa ya Epiphone, iliyotoka 2023 kwa jina la Kirk Hammett, mpiga gitaa wa bendi ya Metallica. Ni nakala ya gitaa moja tu, Les Paul ya 1959 inayoitwa Greeny. Huwezi kuipima nakala kwa haki bila kujua hilo lenyewe lilipita mikononi mwa nani na walilifanyia nini.

Greeny lilitengenezwa na kampuni ya Gibson huko Kalamazoo, jimbo la Michigan, Marekani. Les Paul za aina hiyo, zenye kifua cha njano kinachoungua kuwa chekundu pembeni, zilitoka kati ya 1958 na 1960 tu. Wanunuzi wa wakati ule hawakuzipenda, kiwanda kikahamia umbo jingine. Miaka michache baadaye vijana wa blues wa London wakaanza kuzitafuta kwa udi na uvumba. Mpiga gitaa Eric Clapton alikuwa na yake alipopiga kwenye bendi ya John Mayall. Ikaibwa 1966 na mpaka leo haijaonekana hadharani. Aliyeshika nafasi yake kwa Mayall mwaka huohuo ni Peter Green, mtoto wa Bethnal Green, mashariki mwa London. Gitaa lake alilinunua la mtumba hukohuko London, kwa paundi mia moja na ushei. Ndilo alilolipiga bendi yake ya Fleetwood Mac ilipoanza 1967, na alikuwa nalo bado alipoiacha bendi 1970.

Sehemu inayonigusa zaidi ndiyo inayofuata. Green alikuwa anajiondoa kwenye muziki na mali zake. Kulikuwa na kijana wa Belfast, Gary Moore, ambaye alimkubali sana, na Green akamwazimisha gitaa lake. Baadaye akamwuliza kama angependa kulinunua. Moore hakuwa na uwezo. Kwa jinsi Moore alivyosimulia, Green alimwambia auze gitaa lake, Gibson SG, kisha ampe kitakachopatikana. Moore akauza, na Green akachukua kiasi kinachokaribia alichotoa yeye mwenyewe alipolinunua. Hakutaka faida, alitaka lifike kwa mtu atakayelipiga. Na kweli lilipigwa, zaidi ya miaka thelathini, hata shingo ikavunjika karibu na kichwa ikaungwa. Mwaka 1995 Moore alitoa albamu nzima ya nyimbo za Green akilitumia gitaa lilelile, iitwayo Blues for Greeny. Shukrani ya mpiga gitaa kwa mpiga gitaa sidhani kama ina namna bora kuliko hiyo.

Moore aliliuza 2006, likaingia kwa wafanyabiashara wa magitaa ya kale na wakusanyaji, kwa bei za mamia ya maelfu ya dola. Kipindi hicho sina la kukisifia. Gitaa la namna hii likifungiwa kwenye sanduku ni hasara kwetu sote. Mwaka 2014 Hammett wa Metallica akalinunua, na amesimulia kwamba uamuzi aliufanya pale alipolichomeka na kuweka swichi katikati. Tangu hapo anapanda nalo jukwaani. Februari 2020 alilipiga London Palladium, kwenye onyesho ambalo Mick Fleetwood, mpiga ngoma wa Fleetwood Mac, aliandaa kumuenzi Green. Green mwenyewe alifariki Julai mwaka huohuo.

Sasa nakala. Les Paul ina pikapu mbili, ya shingoni na ya darajani. Kwa kawaida ukiweka swichi katikati zote mbili husukuma pamoja na sauti hujaa. Kwenye Greeny sumaku ya pikapu ya shingoni imekaa kinyume, kwa hiyo wimbi la pikapu moja likipanda la mwenzake linashuka. Besi zinakatana zenyewe, inabaki sauti nyembamba, inayolia kama mwimbaji aliyebana pua kidogo. Pikapu hiyo pia imegeuzwa, skrubu zake zinatazama darajani, na wengi huapa kwamba siri iko kwenye skrubu. Hapana. Kuzungusha pikapu hakupindui wimbi, sumaku ndiyo inayopindua. Waliotengeneza nakala wameyafuata yote mawili.

Mazoezini nilianza na volumu zote mbili kwenye 10. Nyembamba mno kwa bendi yetu, peke yake chumbani inapendeza, lakini ngoma zikiingia inapotea. Nikashusha ya shingoni taratibu. Ilipofika kati ya 8 na 7 besi kidogo ikarudi, sauti ikapata mwili bila kupoteza kile kilio. Hapo nikaingia sebene. Rizimu na kinanda vilikuwa vimejaa pale chini kama kawaida yao, na solo ikapita juu yao kila noti ikisikika, bila mimi kugusa amplifaya. Kwa dansi hii ni neema. Ukirudi kwenye pikapu ya darajani na kuongeza ovadraivi (sauti iliyokwaruza) unapata ule upande wa Moore, noti moja unaivuta na inakaa.

Mengine ni ya kawaida. Kifua ni gamba jembamba la mti wa mepo lililopigwa rangi ya njano iliyopauka, kwa kuwa wekundu wa gitaa lenyewe ulikwishafifia kwa miaka. Shingo imejaa kiganjani. Mwenye vidole vifupi ajaribu kwanza. Kichwa kimelala nyuma kama cha kila Les Paul, na hapo ndipo magitaa haya huvunjikia yakianguka, Greeny likiwa shahidi. Nunua sanduku gumu, usilibebe kwenye mfuko wa kitambaa ndani ya daladala.

Ukilipata la mtumba, usimalizane na muuzaji kabla ya kulichomeka. Weka volumu zote 10, piga kodi (chord) ya E swichi ikiwa kwenye pikapu ya shingoni, kisha iweke katikati. Sauti lazima ikonde ghafla. Ikibaki nene, kuna mtu amebadilisha nyaya au pikapu, na unachouziwa kwa bei ya Greeny ni Les Paul ya kawaida.