Miezi minane ya masomo ya bure ya moja kwa moja mtandaoni: uzoefu wangu

Nilikuwa na kamera na taa moja ya kumweka, na kila picha ya mtu niliyopiga ilitoka uso umeungua kwa mwanga na kivuli kizito kimeganda ukutani nyuma ya kichwa. Video za mafunzo zilizorekodiwa nilikuwa nimeshatazama nyingi sana. Nilizielewa vizuri, lakini nikishika kamera mambo yalikuwa yale yale.

Kilichonibadilisha ni kipindi kimoja cha moja kwa moja, tena sehemu ambayo mwalimu mwenyewe hakuipanga. Alikuwa anapiga picha mbele yetu, na kila picha ilitokea papo hapo kwenye skrini kubwa pembeni yake. Mara ikatoka picha ambayo sehemu ya chini ilikuwa nyeusi tii. Akanyamaza. Akakagua taa, akagusa nyaya, akapiga tena, nyeusi tena. Baada ya kuhangaika kwa dakika kama nne akagundua kwamba alikuwa amepandisha kasi ya shata, yaani mlango wa kupitisha mwanga ndani ya kamera, hadi 1/500 ya sekunde, ilhali kamera yake haikuweza kwenda sambamba na taa zaidi ya 1/200. Akaeleza kwa vidole vyake: ndani ya kamera kuna mapazia mawili, na kasi ikizidi, pazia la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua. Taa inapowaka, sehemu ya kihisi, kile kinachopokea mwanga, imeshafunikwa.

Kwenye video iliyohaririwa dakika hizo nne zingekatwa. Ukanda ule mweusi nilikuwa nimeuona kwenye picha zangu mara nyingi na nikadhani taa yangu ni mbovu. Siku ile nilimwona fundi wa miaka mingi akikwama pale pale nilipokwama mimi, kisha nikaona hatua kwa hatua anavyotafuta chanzo. Tangu hapo ndipo nilipoanza kuvifuatilia vipindi hivi kwa bidii.

Miongoni mwa walioueneza mfumo huu kwa watu wa sanaa ni kampuni ya CreativeLive, iliyoanzishwa Seattle mwaka 2010 na mpiga picha Chase Jarvis pamoja na Craig Swanson. Wazo lao lilikuwa rahisi: somo likiwa hewani unatazama bure, ukitaka rekodi ibaki kwako unalipa. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilinunuliwa na Fiverr. Wazo lenyewe limesambaa, na leo walimu wengi hurusha masomo kupitia YouTube na Twitch bila kuhitaji studio yoyote, kwa kutumia programu ya bure ya OBS.

Wengi huona kasoro kwamba somo likipita limepita. Mimi naona hapo ndipo nguvu yake ilipo. Video iliyohifadhiwa naiwekea alama ya kuitazama baadaye, na baadaye haifiki. Kipindi cha moja kwa moja nakikalia na daftari mkononi, kwa sababu najua mwalimu hatanisubiri. Naandika kwa mkono, nachora mahali taa zilipo, na kipindi kikiisha nafanya zoezi kabla ya kulala.

Halafu kuna maswali. Nilikuwa sielewi kwa nini ukuta ule ule mweupe kwa mwalimu unaonekana wa kijivu kizito na kwangu unabaki mweupe pee, wakati sote tuna taa moja. Nikauliza kwenye gumzo. Msaidizi wake akalisoma swali, na mwalimu akaacha alichokuwa anafanya. Akaisogeza taa hadi mita moja kutoka kwa mtu aliyekaa, na ukuta ukiwa mita tatu kutoka kwenye taa. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo ukuta unapata sehemu moja ya tisa tu ya mwanga unaomfikia mtu. Kisha akairudisha taa nyuma mita mbili zaidi: sasa ni mita tatu hadi kwa mtu, mita tano hadi ukutani, na ukuta ukapata zaidi ya theluthi moja. Ukang'aa mbele ya macho yetu. Kanuni hiyo nilikuwa naijua tangu masomo ya fizikia, ila sikuwahi kufikiri kwamba ndiyo inayoamua rangi ya ukuta kwenye picha yangu. Usiku ule nilipiga picha ya kwanza niliyoipenda.

Ukitaka swali lako lisomwe, litaje jambo lenyewe kwa ukamilifu. Matangazo huchelewa sekunde kadhaa, wakati mwingine nusu dakika, kwa hiyo ukiandika "hiyo ni nini?" mwalimu ameshafika kwingine. Andika kitu kama "ile taa ya pili, kwa nini umeielekeza kwenye dari?" na utajibiwa.

Upande wa teknolojia nimepata faida, ingawa si kwa kiwango kile. Nilifuatilia vipindi vya Blender, programu ya bure ya kuunda maumbo ya pande tatu, na vichache vya kuandika programu za kompyuta. Kumwona mtu akisoma ujumbe wa kosa kwa sauti na kubahatisha chanzo chake kumenisaidia sana. Lakini kwa misingi ya programu, nashauri utazame rekodi. Mihadhara ya CS50, kozi ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta ya David Malan wa Chuo Kikuu cha Harvard, ipo bure, na pale uwezo wa kusimamisha na kurudia mstari mmoja mara sita ni wa lazima. Katika mwanga na uchoraji jicho linashika kwa kutazama tu. Katika msimbo unahitaji kutulia.

Jambo moja sikulitarajia, nalo ni wenzangu. Watu wale wale hurudi kwenye gumzo wiki baada ya wiki, na mara nyingi jibu huja kutoka kwao kabla ya mwalimu. Sasa naelewa kwa nini Twitch ilipofungua kitengo chake cha ubunifu mwaka 2015 ilianza na vipindi vya zamani vya mchoraji Bob Ross, aliyefariki mwaka 1995, na watu wakamiminika kuandika pamoja kana kwamba yuko hai anachora. Kujifunza peke yangu kulinichosha kuliko nilivyokuwa nadhani.

Matatizo yapo. Saa ndiyo ilinisumbua zaidi. Ratiba nyingi hutolewa kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ambazo ziko nyuma ya saa ya dunia (UTC) kwa saa 8 wakati wa baridi na saa 7 wakati wa joto. Jumapili ya pili ya Machi husogezwa mbele, Jumapili ya kwanza ya Novemba hurudishwa. Sikulijua hilo, na kipindi cha kusafisha ngozi kwenye picha, nilichokisubiri mwezi mzima, nilikikuta kimebakiza robo saa. Niliumia sana. Siku hizi naingiza kila kipindi kwenye kalenda ya simu kwa saa za mji wa mwalimu, na simu inageuza yenyewe.

Data nayo inakwenda mbio. Matangazo ya megabiti 6 kwa sekunde yanakula gigabaiti 2.7 kwa saa. Punguza ubora wakati mwalimu anaongea tu, pandisha anapoonyesha skrini yenye vitufe vidogo, la sivyo hutaona alichobonyeza.

Pia si kila kinachoitwa somo la bure ni somo. Kwenye jukwaa moja nilikaa saa nzima nikisikia sifa za kozi ya kulipia, na gumzo likafungwa watu walipoanza kuuliza maswali ya maana. Ninachoangalia sasa ni dakika kumi za mwanzo: kama mwalimu hajagusa chombo chochote kufikia hapo, naondoka.

Kinachonikera hadi leo ni lugha. Karibu vyote nilivyofuatilia ni vya Kiingereza, na maandishi ya chini ya video yanayotengenezwa na kompyuta huharibu maneno ya ufundi, yaani yale yale ninayoyahitaji. Nimetengeneza orodha yangu mwishoni mwa daftari: kihisi, shata, tundu la lenzi, faili ghafi, tabaka. Imefika kurasa tatu. Kama kuna mwalimu anayerusha masomo ya mwanga kwa Kiswahili, aniambie saa ngapi, nitakuwepo.