Asali, Stevia au Vidonge? Nimeviweka Vyote Mezani

Mnaiona hii meza? Vitu saba vya kutia utamu. Sukari nyeupe, sukari ya kahawia, asali, unga wa stevia, matone ya sukralosi, vidonge vya aspatemu, na pakiti ya zailitoli. Vyote nimenunua kwa hela yangu, hakuna kampuni iliyonitumia kitu, kwa hiyo nikikisema kitu vibaya hapa hakuna atakayenipigia simu. Kama ni mara yako ya kwanza kufika, karibu, vuta kiti.

Swali mlilonijaza nalo ni moja: "Dada, kwa familia nitumie cha asili au cha bandia?" Nimekaa nalo wiki tatu, na nadhani swali lenyewe linatupoteza. Subirini muone.

Tuanze na mzani. Huu ni ule mdogo wa jikoni. Nachota kijiko cha chai cha sukari nyeupe, nakisawazisha juu… gramu 4. Sasa kijiko kile kile, asali. Ngoja idondoke yote, haina haraka hii… gramu 7! Asali ni nzito. Toa maji yaliyomo, ambayo ni kama asilimia 17 au 18, bado sukari iliyobaki inakaribia gramu 6. Yaani kijiko cha asali kimebeba sukari nyingi kuliko kijiko cha sukari. Kalori ni hivyo hivyo: kama 16 kwa sukari, kama 21 kwa asali.

Mtetezi wa asali atasema ni tamu zaidi, kwa hiyo unaweka kidogo. Sawa, ukiweka kidogo. Mimi nilikuwa naongeza! Najiambia hii ni ya nyuki, haina shida, na mkono unarudi kwenye chupa. Shirika la Afya Duniani, WHO, tangu mwongozo wake wa 2015 linaihesabu asali kundi moja na sukari ya mezani, pamoja na sharubati na juisi ya matunda, hata ile uliyokamua mwenyewe. Zote zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000, hiyo asilimia 10 ni gramu 50, vijiko kama 12 vya chai. Asilimia 5 ni vijiko 6. Tunda zima halimo kwenye hesabu hiyo, mle kwa amani.

Sukari ya kahawia sitaipotezea muda. Nyingi ni sukari ile ile iliyobaki na molasi kidogo, au iliyorudishiwa. Rangi nzuri, harufu nzuri, basi.

Ila kwa asali kuna jambo moja, na hapa naomba msisogeze video mbele. Mtoto chini ya miezi 12 hapewi asali. Hata ya kulambishwa kwenye ncha ya kidole, hata iliyochanganywa kwenye chakula kilichopikwa. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum, na moto wetu wa jikoni hauziui. Kwa utumbo wa mtu mzima hazina la kufanya, lakini kwa mtoto mchanga zinaweza kuota na kutoa sumu inayolegeza misuli, mpaka ile ya kupumulia. Bibi akisema "sisi tulilambishwa na tumekua", mwitikie kwa heshima, halafu ficha chupa.

Haya, stevia. Hii ndiyo inayouzwa kwa picha ya jani. Na jani lipo kweli: Waguarani wa Paraguay walikuwa wakilitumia kutia utamu vinywaji vyao zamani sana. Lakini geuza pakiti, soma nyuma. Hii yangu kiungo cha kwanza ni erithritoli, kitamu kingine cha unga, na stevia yenyewe iko mwisho kabisa. Nyingine hujazwa dekstrosi au maltodekstrini, ambazo hupandisha sukari ya damu, na kwa mgonjwa wa kisukari si jambo la kupuuza. Wanajaza kwa sababu dondoo la stevia ni tamu kuliko sukari mara 200 hadi 300. Likiwa peke yake usingeweza hata kulishika na kijiko. Na dondoo hilo limetolewa kwenye jani kwa maji, likachujwa, likasafishwa kiwandani.

Sasa mweke huyo wa asili kando ya huyu wa bandia, sukralosi. Sukralosi inaanzia kwenye sukari! Wanachukua molekuli ya sukari, wanabadilisha sehemu zake 3 kwa klorini, utamu unapanda mara 600 hivi na mwili haupati nishati ya maana humo. Sasa niambieni, nani kati ya hawa ameingia kiwandani na nani hajaingia? Ndiyo maana nasema hilo neno "asili" kwenye pakiti linatupoteza.

Nadhani sifa mbaya ya hivi vya bandia ilianzia mbali. Cha kwanza kabisa, sakarini, kiligunduliwa 1879 na mkemia Constantin Fahlberg, aliyetoka maabara bila kunawa vizuri, akala mkate, akauona mtamu kupita kiasi. Watoto wangu nawafukuza mezani kwa kosa hilo hilo.

Vidonge vya aspatemu. Najua mnachotaka kusikia: saratani. Julai 2023 wakala wa WHO wa utafiti wa saratani, IARC, uliiweka aspatemu kundi la 2B, maana yake "huenda" ikasababisha saratani, ushahidi wenyewe ukiwa haba. Kundi hilo hilo lina dondoo la jani zima la mshubiri, mmea ambao wengine wanakunywa kwa ajili ya afya. Kundi linakwambia ushahidi una nguvu kiasi gani, halikwambii hatari ni kubwa kiasi gani. Wakati huo huo kamati inayopima kiwango salama ilikiacha pale pale kilipokuwa: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa siku.

Mfano uliotolewa na WHO ni mtu mzima wa kilo 70, na soda isiyo na sukari yenye miligramu 200 au 300 kwa kopo. Angehitaji kunywa makopo 9 hadi 14 kwa siku ili avuke. Watu wakasikia hapo wakapumua. Lakini fanyeni hesabu hiyo kwa mtoto wa kilo 15. Kiwango chake ni miligramu 600. Makopo mawili au matatu, amefika. Hilo sikulisikia likitajwa sana, na ndilo linalonigusa kama mama. Halafu wapo wanaozaliwa na fenilketonuria, ugonjwa ambao mwili hauwezi kuvunja fenilalanini, kitu kilichomo kwenye aspatemu; hao aspatemu hawaigusi kabisa, na katika nchi nyingi lebo lazima iseme.

Na kupungua uzito je? Mei 2023 WHO walishauri hivi vya bandia visitumike kama njia ya kudhibiti uzito, kwa sababu kwa muda mrefu faida haikuonekana. Stevia nayo imo kwenye ushauri huo, jani lake na vyote. Ambao ushauri huo hauwahusu ni watu ambao tayari wana kisukari.

Tumefika kwenye kuonja. Niliwapikia watu wa nyumbani chai moja, vikombe vilivyofunikwa, bila kusema kipi ni kipi. Stevia walimkamata wote, kuna uchungu unaokawia kwenye ulimi kama umetafuna jani. Zailitoli inaacha ubaridi mdomoni, kwenye chai ni kichekesho. Baba watoto akanyanyua kikombe cha tano, akaapa kwamba hii ndiyo asali halisi, nyuki anamsikia kabisa. Ilikuwa sukralosi. Mpaka leo hataki izungumzwe.

Keki nayo niliijaribu. Vidonge vya aspatemu, achana navyo, moto unavunja utamu wake. Ya matone ilikuwa tamu lakini imepauka na imelala chini, maana sukari kwenye keki haitii utamu tu: inaijaza, inashika unyevu, inaleta ile rangi. Bora upike keki ya sukari yako, upunguze robo ya kipimo, na usiipike kila wiki.

Kwangu basi tumeishia hivi. Mama mkwe ana kisukari na chai bila utamu kwake ni adhabu, yeye amechukua matone, na daktari wake anajua. Watoto sitawapa hivi vya maabara wala stevia kwa mazoea. Nimewapunguzia sukari nusu kijiko kila wiki mbili, na siku tatu za mwanzo zilikuwa za kununa. Mdogo wa miezi saba hapati chochote, hajui hata kama utamu huo upo. Asali imebaki, kwa mkate, kwa sababu tunaipenda. Tusiisingizie afya.

Zailitoli inahama kabatini kwenda rafu ya juu kabisa. Ni nzuri kwa meno, ukizidisha tumbo linakuharishia, lakini kwa mbwa ni sumu hata kwa kiasi kidogo, na wa kwetu anafungua droo kwa pua.

Na wanaoniuliza kwenye hiki kikombe nilichokuwa nanywa tangu mwanzo kuna nini: sukari nyeupe, nusu kijiko.